Mahindi yaliyoota ukungu na figo za mama

Dada wa Wete, umeuliza kama kuyaosha na kuyachemsha mahindi yaliyoota ukungu kutamlinda mama mwenye figo dhaifu. Hapana, yatupeni. Baadhi ya kuvu hutoa okratoksini A, sumu isiyoisha kwa kuchemshwa. Ikifika kwenye seli za mirija ya figo huzidhuru, na katika majaribio ya maabara imeonekana kuzichochea zitoe TGF-beta kwa wingi. Hii ni protini ya ukuaji: ikiwa kwa kiasi husaidia kuponya jeraha, ikizidi figo hujaa makovu. Wala msiwape kuku, nao wana figo! Mama apimwe mkojo, na pia kreatinini, yaani taka ya mwilini ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu. Mahindi mapya yakauke kabisa juu ya jamvi kabla ya kutiwa guniani, hasa wakati wa masika.