“Da” ya Kirusi na “da” ya Kiserbia: ni neno moja?

SWALI: Nilijifunza Kirusi kwa miaka miwili na nikazoea kwamba “da” ni “ndiyo”. Sasa nasoma Kiserbia, na “da” hiyo hiyo inajitokeza katikati ya karibu kila sentensi, mahali ambapo hakuna anayekubali chochote. Mwenzangu anayesoma Kipolandi ananiambia kwamba huko “da” ni “atatoa”. Je, hili ni neno moja lililotawanyika, au ni maneno tofauti yaliyofanana kwa bahati?

JIBU: Yote mawili. “Da” ya Kirusi na ile ya Kiserbia ni neno moja, bali ya Kipolandi ni neno jingine kabisa.

Tuanze na Kiserbia kinachokusumbua. “Znam da radiš” maana yake ni “Najua kwamba unafanya kazi”, na “Hoću da spavam” ni “Nataka nilale”. Katika sentensi ya kwanza “da” ni “kwamba”. Katika ya pili inafanya kazi ambayo Kiswahili kimekiachia kiishio -e cha “nilale”. Mkroatia kwa kawaida angependelea “Želim spavati”, kwa kutumia kitenzi kisicho na nafsi, mfano wa “kulala” kwetu. Kadiri unavyoelekea kusini-mashariki, umbo hilo linazidi kupungua, hata ukifika kwenye Kibulgaria na Kimasedonia unakuta limekaribia kutoweka kabisa na “da” imeshika nafasi yake. Kigiriki, ambacho si lugha ya Kislavi (jamii ya Kirusi, Kiserbia, Kipolandi na nyinginezo), kinafanya vivyo hivyo kwa neno lake “na”, kwa kuwa lugha za Balkani, yaani kusini-mashariki mwa Ulaya, zimeishi pamoja kwa karne nyingi na kuambukizana sarufi.

Matumizi hayo ya Kiserbia si uzushi wa juzi. Katika Kislavi cha Kanisa, lugha ya kale ya ibada ya Waslavi wa Kiorthodoksi, sala ya Baba Yetu husema “da svyatitsya imya Tvoye”, yaani “jina lako litukuzwe”. Hapo “da” inabeba ombi, wala haijibu swali. Kwa “ndiyo”, maandiko hayo hutumia “ei”: kwenye Mathayo 5:37, penye “ndiyo, ndiyo, siyo, siyo”, yameandikwa “ei, ei, ni, ni”. Sasa fungua Biblia ya Kirusi ya Sinodi, iliyokamilika mwaka 1876, usome mstari huo huo: “da budet slovo vashe: da, da, net, net”. “Da” ya kwanza ni ile ya kale, “neno lenu na liwe”, na mbili zinazofuata ndizo “ndiyo” uliyofundishwa. Sijui mahali pengine ambapo zote zimekaa karibu namna hiyo.

Kirusi chenyewe hakikuishia hapo. Mtu aliyekonda huitwa “kozha da kosti”, ngozi na mifupa, na hapo “da” ni “na”. Kwingine huwa “lakini”, kama katika methali “mal zolotnik, da dorog”, kidogo lakini cha thamani. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa sana, kwani “na” yetu nayo huunganisha katika “mimi na wewe”, na humtaja mtenda katika “amepigwa na mwalimu”.

Dhana kwamba Waslavi wote hukubali kwa “da” ni ya kuachwa. Wapolandi, Waukraine na Wabelarusi husema “tak”, Wacheki “ano”, Waslovakia “áno”. Katika Kipolandi “da”, na katika Kicheki “dá”, ni umbo la kitenzi cha kutoa, kwa hiyo mwenzako amesema kweli. Kibelarusi nacho kina “da” yake, yenye maana ya “hadi”: wanapoagana husema “da pabachennia”, hadi kuonana. Hiyo ni “do” ya Kirusi, kwa sababu Kibelarusi huandika “a” pale ambapo “o” isiyo na mkazo hutamkwa “a”.

Nje ya lugha za Kislavi, “da” ya Kijerumani ni “hapo”, na ya Kiitaliano ni “kutoka”, ile iliyomo katika jina la Leonardo da Vinci. Hizo mbili hazina undugu na yako.

Kiromania ndicho kinachonivutia zaidi. Kilatini hakikuwa na neno moja la kawaida la kusema “ndiyo”, kwa hiyo lugha zilizotokana nacho zilijitafutia kila moja lake, na Waromania waliazima “da” kwa majirani zao Waslavi. Hata hivyo wana pia kitenzi “a da”, kutoa, walichokirithi kutoka “dare” ya Kilatini. “Dare” hiyo na kitenzi cha Kislavi cha kutoa vinatokana na shina moja la kale la lugha za Kihindi-Kiulaya, na kwa njia hiyo “da” ya Kipolandi ni binamu wa “a da” ya Kiromania, ilhali “da” ya Kiromania ya kukubali inatoka upande wa “da” yako ya Kirusi na Kiserbia.