Huo si mpasheni, na kiazi chake kisikaribie jikoni

Mkuu, umeuliza kuhusu mmea ulioota wenyewe kwenye uzio wako wa minyaa hapa Tabora: maua mekundu yenye kingo za njano, petali sita zimegeukia juu kama zimepulizwa na upepo. Wadau watatu wamekujibu kwamba ni mpasheni. Sio. Mpasheni hushika kwa vikamba vinavyotoka kwapani mwa jani, pale linapoungana na shina. Wako hauna vikamba hivyo. Tazama jani lenyewe: ncha yake imerefuka na kujikunja kama mkia wa kinyonga, na hiyo ncha ndiyo inayoshika uzio. Ukishaona hilo huna haja ya kusubiri ua.

Jina lake la kitaalamu ni Gloriosa superba. Ni mmea wa kwetu kabisa, wangu wa kwanza niliukuta kando ya barabara ya Sikonge. Zimbabwe wameufanya ua la taifa, sisi tunaupitia na fyekeo. Halafu usishangae kuona rangi tofauti kwenye shina moja. Ua hufunguka likiwa na rangi ya njano ya kijani, likaingia chungwa, kisha likaiva wekundu.

Kuupanda, mwaka wa kwanza nilichemka. Niliung'oa mwezi wa tatu ukiwa umechanua, kwa tamaa tu. Shina likakatika, kiazi kikabaki chini, nikarudi nyumbani na shada la maua. Kumbe unatakiwa uweke alama ya kijiti, usubiri mvua ziishe na majani yakauke, ndipo mwezi wa saba uchimbe kwa kuzungukia mbali. Kiazi kina umbo la V, mikono miwili, na kila mkono una jicho moja tu kwenye ncha. Ni kiazi kinachovunjika kirahisi mno. Ncha ikivunjika, mkono huo usiuhesabu tena.

Mvua za Novemba zikianza, kilaze ubavu, kina cha urefu wa kidole. Mchanga wetu huu unaolalamikiwa na wakulima wa mahindi, kwake ni raha, maana hakipendi maji yaliyotuama. Kama kwako ni mfinyanzi, inua tuta. Simika fito au matete mapema. Vyangu vilichanua katikati ya Januari. Kiangazi usimwagilie hata kwa huruma, kimelala, utakiozesha. Mbegu nazo ni nyekundu za kuvutia, ila ukianzia hapo utasubiri miaka kadhaa kuona ua. Mimi sina subira hiyo.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Mmea mzima ni sumu, kiazi ndicho kibaya zaidi. Kina sumu iitwayo kolchisini, ile ile ambayo kwa kipimo kidogo sana hospitalini hutibu jongo, ule ugonjwa wa maumivu makali ya viungo. Mtu akila kiazi, saa chache baadaye anaanza kutapika na kuharisha, na wengi wamekufa. Anayepona huweza hata kunyonyoka nywele. Akila mtu, mbio hospitali pamoja na kipande cha kiazi, msianze kujaribu maziwa.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka wa pili nilianika viazi vyangu kwenye ungo barazani. Mama mkwe alikuwa amekuja, anakata viazi vitamu vya michembe, yaani vya kuanika vikauke. Narudi kutoka sokoni namkuta ameshavimenya viwili, anauliza, "Baba, hivi vyembamba umevitoa wapi, mbona havina utomvu?" Nilimwaga beseni zima, pamoja na viazi vizuri vya watu. Alininunia hadi alipopanda basi.

Siku hizi vinakaa kwenye ndoo ya rangi yenye mchanga mkavu, juu ya banda la kuku, kifuniko nimekichora fuvu. Ukitaka vya kuongezea uzio wako njoo Julai na jembe dogo. Sio sasa, hata ukinibembeleza.