Kabla hujalipia bizinesi klasi, nisikilize mimi niliyerudishwa mlangoni

Juzi usiku kijana mmoja wa Mafinga, mtu wa mbao, kanitumia meseji ndefu: "Dada shikamoo, nimejichanga naenda Guangzhou, safari hii silali nimekunja magoti, niambie shirika gani lina bizinesi nzuri." Nikacheka peke yangu, maana na mimi nilikuwa nauliza hivyohivyo, na jibu nililipata kwa aibu.

Mimi nauza parachichi, wengi mnajua, nanunua Rungwe na Njombe. Mara ya kwanza kwenda Berlin kwenye maonyesho ya matunda, yale ya Fruit Logistica ya kila Februari, nilipanda ekonomi, nikashuka miguu imevimba viatu haviingii halafu nikasimama siku nzima natabasamu kwa nguvu. Nikaapa. Mzigo uliofuata ukalipa vizuri, nikakata bizinesi, na nikatangaza bwana: status ya wasap, kwaya nzima kanisani, mpaka dada anayenisuka Mwanjelwa alijua tarehe ya kuondoka.

Sasa sikia. Uwanja wa kuunganishia ndege nikakutana na wateja wangu wawili, wazungu, nikawaambia kwa madaha twendeni launji, kile chumba cha kupumzikia na kula cha abiria wa bizinesi. Dada wa mapokezi kapitisha pasi yangu ya kupandia ndege kwenye mashine, ikalia tiii, taa nyekundu. "Samahani mama, tiketi yako haina launji." Kumbe nilinunua ile bizinesi ya bei ya chini kabisa, kiti unapata, chakula unapata, launji huna, na kwenye masharti imeandikwa kwa herufi kama sisimizi. Wale wateja walikuwa na kadi zao za kuingilia launji, wakaingia. Mimi masaa matano kwenye viti vya chuma karibu na choo, nimevaa koti nililoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Shirika silitaji. Ila mpaka leo mashine ya supamaketi ikilia tiii nashtuka.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiniulize shirika, uliza ndege na uliza tiketi.

Ndege kwanza. Ile Qatar ya Qsuite mnayoiona Instagram, yenye mlango wa kufunga, ilianza 2017 na ni nzuri kweli, lakini iko kwenye baadhi ya ndege zao za aina ya 777 na A350, ukipangiwa 787-8 mlango huuoni, japo kiti kinalala flati na kila mtu anatoka bila kumruka mwenzie. Emirates ile ndege ya ghorofa, A380, ina baa kabisa huko juu, ila baadhi ya 777 zao viti vimepangwa mbili-tatu-mbili kwa mstari, yaani umelipa mamilioni na bado unaweza kukaa katikati kama kwenye kosta ya Tunduma. Ethiopian kwenye Dreamliner, ndiyo hiyohiyo 787, ni mbili-mbili-mbili, wa dirishani akitaka choo usiku anaruka miguu ya jirani, ukisafiri na mkeo haina shida. Fungua ramani ya viti kabla ya kulipa. Narudia, kabla ya kulipa.

Na hili watu hawalijui: Dreamliner na A350 hewa ya ndani inakuwa kama upo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ndege za zamani zinafika mpaka 2,400. Mita 1,800 ni Uyole hiyo, kwetu Mbeya! Ndiyo maana sisi watu wa baridi tunashuka wazima wakati wa Dar analalamika kichwa.

Launji sasa, maana baadaye niliingia, tena kwa tiketi kamili. Istanbul, ya Turkish, wanakuokea pide, mkate wao wa Kituruki, mbele yako, moto wa tanuri unauona, nilikula mpaka nikaona haya. Doha, Al Mourjan, ni kubwa na kimya na ina bwawa la maji katikati, unaongea kwa kunong'ona bila kuambiwa. Addis wanakupikia kahawa kwa desturi yao, na ndipo nikaona aibu nyingine, sisi tunalima Mbozi na Rungwe halafu nyumbani tunakoroga ya kopo. Ukiingia launji yoyote omba bafu kwanza ndipo ule, foleni ya bafu haina huruma.

Wewe wa Guangzhou, Air Tanzania wanaruka moja kwa moja kutoka Dar, hapo launji ya katikati ya nini? Vijana wa huku tunapenda kununua vitu ili tuonekane, mimi nikiwa wa kwanza. Lipia usingizi, usilipie picha. Na soma masharti ya tiketi, yote, hata kama macho yanauma.

Safari ya mwisho nililala Doha mpaka Dar kama mtoto. Asubuhi ndege ya Songwe ikazunguka juu ya ukungu, ikarudi Dar, na mimi nina mzigo unaningoja Tukuyu, nikaenda Mbezi nikapanda basi. Kitonga tunapanda taratibu, mzee wa siti ya pembeni akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Ujerumani, tena nimelala kitanda. Akaitazama ile siti, akanitazama mimi, akavuta kofia usoni akalala.