Hiyo digrii yangu ya kwenye simu

Juzi usiku nilikuwa nasahihisha madaftari, simu ikalia. Ujumbe wa dada mmoja, mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi, yuko Amani, kule juu milimani Muheza. Mfupi tu: "Mwalimu, shikamoo. Nina sapu mbili. Mtandao huku tunaupandia kilima, na bando lenyewe silimudu. Niache?"

Sapu ni mitihani ya kurudia baada ya kufeli, na anachouliza kama akiache ni digrii anayosoma kwa mtandao. Hilo "niache" nililisoma mara tatu. Mwaka 2022 niliandika neno hilo hilo kwa kalamu nyekundu, nyuma ya andalio la somo la Sayansi, nikalipigia mstari. Kwa hiyo dada yangu nakujibu hapa hapa, na wengine wenye swali kama lako wasome humu. Najua mko wengi. Mna stashahada ya ualimu au uuguzi, mnaitaka digrii, na kazi hamwezi kuiacha kwa sababu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba.

Mimi nilijiunga nikiwa na miaka 38. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna yetu, wasioweza kufunga virago wakahamia chuoni, na vituo vyake viko mikoani, Tanga ikiwamo. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300. Nani angebaki na wanangu hapa Makorora, Tanga? Basi nikadahiliwa, nikafurahi, na siku hiyo hiyo nikafanya kosa ambalo lilinigharimu mwaka mzima. Nilificha.

Nilificha kwa sababu ya neno moja la ofisini. Kabla sijamwambia mtu yeyote, mwalimu mwenzetu alikuwa anakunywa chai na kachori, akasema: "Siku hizi kuna digrii za kwenye simu. Mtu anasoma kalala." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Kuanzia hapo nikawa nasoma usiku ndani ya chandarua, mwanga wa simu nimeuteremsha hadi mwisho, mithili ya msichana anayeandikiana barua na mchumba. Baba watoto alianza kunitazama vibaya. Mwanamke wa miaka 38, saa saba usiku, simu kifuani! Nilipomwonyesha kumbe ni nadharia za ujifunzaji, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa unasoma na nani?"

Sikuwa nasoma na mtu. Na ndiyo maana usiku ule sikuwa na wa kumpigia.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Asaimenti ilitakiwa kupakiwa mtandaoni kabla ya saa sita. Mimi nilikuwa naamini kuchapa kwenye simu ni mambo ya watoto, kwa hiyo niliandika kwa mkono kurasa 14, mwandiko wangu ule mzuri wa ubaoni, nikauonea fahari kabisa. Saa nne nikaanza kupiga picha, ukurasa mmoja mmoja, chini ya taa ya sebuleni. Picha moja ilikuwa na MB 4 hivi, hesabu mwenyewe mara 14. Nikabonyeza kupakia. Kile kiduara kikazunguka, asilimia 12, asilimia 38, kikarudi mwanzo. Nikabonyeza tena, 38, kikarudi. Mara ya tatu bando likakata. Nikajitupia khanga, nikatoka mbio hadi dukani kwa Mpemba, kumefungwa. Nikagonga kwa jirani, akanirushia salio dirishani akidhani nina mgonjwa. Narudi ndani, umeme hakuna, simu ina chaji asilimia 6.

Asubuhi nilipeleka zile picha steshenari ya mjini. Kijana akazigeuza faili moja, akalipunguza uzito kwa dakika mbili, likawa halifiki hata MB 3. Halafu akafungua ukurasa wa kozi, akaniangalia: "Mama, dirisha limefungwa tangu jana." Nikapanda baiskeli yangu, nikaenda kufundisha sehemu, moja ya nane, robo, nusu. Watoto wakauliza mbona mwalimu macho mekundu. Nikasema vumbi.

Kozi ile nilifeli. Simlaumu mtu, muda ulikuwa umeandikwa wazi wiki tatu nzima.

Yaliyofuata mpaka nikarudi kusoma hayana utamu, nayaruka. Kilichonirudisha ni maneno ya baba, Mungu amrehemu. Mwaka 1973 baba alikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wenye umri wanaikumbuka. Wiki 12, Radio Tanzania inatangaza kipindi, na watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima wamekaa vikundi vikundi wanasikiliza. Baba alikuwa akitusimulia mpaka tunasinzia. Redio moja inawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, chini ya mwembe. Kipindi kikiisha redio inazimwa, kijitabu kinafunguliwa, anayejua kusoma anawasomea wasiojua, kisha wanabishana. Halafu wanakwenda kuchimba choo. Alikuwa akikazia hapo kwenye kuzima redio. "Redio haikutufundisha," anasema, "tulifundishana ilipozimwa."

Utotoni niliona ni hadithi za wazee. Nikiwa na sapu yangu mkononi nikaona kumbe mzee alikuwa mtaalamu wa elimu masafa, yaani kusoma ukiwa mbali na chuo, na hakujua jina lake.

Na si yeye tu. Moodle, mfumo ambao vyuo vingi duniani huwekea masomo mtandaoni, ulianzishwa na Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyekulia huko jangwani Australia Magharibi, na shule yake ya utotoni aliisikiliza kwa redio ya masafa mafupi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002. Mtu aliyesoma kwa redio ndiye aliyetujengea darasa la mtandaoni, na humo ndani akaweka jukwaa la wanafunzi kujadiliana. Wengi wetu hatulifungui. Tunachukua noti, tunakimbia.

Kwa hiyo nikaacha kujificha. Nikawatafuta wenzangu wa kozi walioko Tanga, tukapatana wanne: mimi, muuguzi mmoja, karani wa bandarini na kijana wa Pongwe. Tukawa tunakutana Jumamosi jioni uani kwangu. Kila mmoja anakuja ameshapakua mada yake kwenye simu, anaisoma mara mbili, kisha anajirekodi akiieleza kwa Kiswahili cha nyumbani, dakika kumi, na kuturushia kwenye grupu. Sauti ni nyepesi. Video ya saa moja inaweza kula mamia ya MB, sauti inakula kidogo tu. Rekodi ya muuguzi kuhusu saikolojia ya mtoto niliisikiliza nikiosha vyombo na nikienda kazini kwa baiskeli. Nilifika kwenye mtihani nalisikia swali kwa sauti yake, pamoja na jogoo wake anayewika kwa nyuma.

Mei 2024 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilikatika, Tanzania tukaonja. Siku kadhaa mtandao unakuja na kuondoka. Kwenye magrupu watu wanalia. Sisi wanne tulikuwa uani, mada zote zimo ndani ya simu, asaimenti imechapwa, imehifadhiwa mahali pawili, na muuguzi ameleta mihogo. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Mwaka uliotangulia ningekuwa nalia na mimi.

Sasa dada, umeniuliza la kufanya. Pakua mapema. Siku ukishuka Muheza kuchukua mshahara, kaa mahali penye mtandao, pakua mada za mwezi mzima, ndipo ununue sukari. Programu ya Moodle ya kwenye simu inakuruhusu kusoma bila mtandao ulichokwisha kupakua. Chapa kazi yako, usipige picha kurasa, maana kurasa 14 za maandishi matupu hazifiki hata MB moja. Na ipakie siku tatu kabla. Nimesema pakua mapema? Pakia mapema pia. Madarasa ya mubashara ukiyaingia, zima kamera, nani anataka kuona ukuta wako?

Kuhusu hii akili mnemba (AI), itumie ikuulize maswali, isikuandikie. Kijana wetu wa Pongwe aliiomba marejeo, ikampa vitabu vitano vyenye majina mazuri kabisa. Alivitafuta wiki nzima. Havikuwepo duniani. Jamani, tuache uvivu. Tunawachapa watoto kwa kunakili halafu usiku sisi wenyewe tunanakili kwa mashine! Mwalimu mzima! Tutasimama mbele ya darasa na uso gani?

Na acheni kuona haya. Waambieni waume zenu, wake zenu, mwalimu mkuu, hata jirani. Siku umeme ukikatika, ni jirani anayejua unasoma ndiye atakayekuchajia simu.

Yule wa kachori? Nilipovaa joho, picha zilifika ofisini kabla yangu. Mwezi uliofuata alinivuta pembeni, akaniuliza taratibu za kujiunga. Nilikaa naye saa nzima tukajaza fomu kwenye simu yake, yenye kioo kilichopasuka. Sikumkumbusha neno lake. Nimelikumbusha leo, hapa, na najua anasoma.

Dada wa Amani, kilima usikipande wiki hii. Rekodi zetu za kozi zako mbili, zote pamoja na jogoo, nimeziweka kwenye kadi ya memori. Nimeitia ndani ya bahasha ya kaki, nikaandika jina la shule yako, na leo asubuhi nimemkabidhi kondakta wa basi la Amani. Mpokee jioni, mpe buku la soda. Na jirekodi mada ya tatu, dakika kumi tu, unirudishie kwa kadi hiyo hiyo. Sisi hiyo hakuna aliyeielewa vizuri.