Barua kwa mwanangu: maua ya maboga

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama binti yako alituharibia bustani alipokuwa hapa likizo, na kama umkanye kabla hajaja tena. Baba yako kasema nikujibu kwa neno moja, yaishe. Baba yako ananijua, sijui kwa nini bado anajisumbua.

Aliharibu, ndiyo. Siku ya kwanza, kabla sijavaa viatu, alishafungulia mpira wa maji na tuta la maharage likawa bwawa. Siku ya pili akafukua mbegu tulizofukia jana yake, moja moja, aone kama zimeota. Nikamwambia maharage yanataka wiki nzima, pengine zaidi. Akaniuliza, "Sasa yanafanya nini huko chini muda wote huo?" Baba yako alicheka mpaka akakalia ndoo, ndoo ikapasuka. Kwa hiyo ndoo usimhesabie mtoto.

Neno langu unalijua: bustani isiyokanyagwa ni picha ya ukutani. Nimelisema tangu hujaota meno. Kulisema ni rahisi.

Siku ya tatu ndiyo ninayotaka kukuandikia. Ilikuwa asubuhi, maua ya maboga yamefumbuka. Unakumbuka yanavyofumbuka alfajiri, na adhuhuri ikifika yameshajikunja. Akaja mbio, gauni kalikunja mbele kama kapu, limejaa maua. "Bibi, nimekuletea!" Mwanangu, mdomo wangu ulishafunguka. Maneno yaleyale yalikuwa tayari ulimini.

Maana nawe ulikuja hivyohivyo, una miaka sita. Mimi nikakuchapa viganja. Nikasema mwaka huu boga hatulioni, na wa kulaumiwa ni wewe, kisha nikayamwaga maua yako kwenye rundo la takataka. Hukulia, na kutolia kwako kukanikera zaidi. Jioni nikaenda nikayageuza yale maua. Yote yalikuwa dume. Vikonyo virefu, vyembamba, hakuna hata moja lenye kiboga kichanga chini yake. Maua dume hutangulia na huwa mengi, kesho yake yakafumbuka mengine. Mwaka ule tulivuna maboga mpaka tukagawa. Ulinisaidia kuyabeba, nami sikukuambia kitu.

Ningekuambia nini? Ulikuwa mdogo, ungesahau. Lakini hukusahau, kwa sababu tangu siku ile ulikuwa unasimama nje ya uzio na kuniita kutoka hapo. Nami nikawa nasema, huyu mtoto hapendi udongo. Nimelisema mbele ya watu, na wewe unasikia, miaka yote hii. Labda kweli hukuupenda. Wako wasioupenda na hawana kosa. Ila sijui tena kama uliamua wewe au niliamua mimi.

Huyu wako nikamwambia akae chini. Tukayapanga maua, dume huku, jike kule. Hakuwa na bahati yako: jike yalikuwa manne, kila moja na kiboga chake kama gololi. Alipoelewa alichochuma, akanywea. Nikamwambia shinani limebaki moja. Tukachukua ua dume, tukalinyonyoa petali zote, likabaki lile jiti la katikati lenye unga wa njano, akaenda kulipaka ndani ya lile jike, ulimi nje, pumzi kaibana. Nyuki akaja kuchungulia. Akamwambia, "Hili tumeshamaliza, nenda kwingine."

Ua jike lisipopata huo unga, kiboga chake hugeuka manjano na kudondoka. Kila asubuhi alikuwa analiendea kabla ya kunawa uso. Halikudondoka.

Sasa, umkanye? Hilo ni lako, mimi simo. Ule mpira wa maji, sawa, labda neno moja. Ingawa bomba ni mimi niliyeliacha bila kulikaza. Baba yako anasema mtoto asiyekanywa atatuchosha, na ni yeye aliyempa jembe dogo na kumwonyesha pa kuchimba. Basi, nimenyamaza. Lakini ukimkanya, maua usiyataje.

Siku ya kuondoka lile boga lilikuwa limezidi ngumi yake. Akalikwaruza herufi kwa ukucha. Baba yako akasema litaoza, tungoje. Halijaoza. Mkwaruzo umekauka ukawa kovu la rangi ya gome, na kadiri boga linavyonenepa kovu nalo linatanuka. Ni herufi ya kwanza ya jina lako, si lake, na imegeukia upande usio wake. Jana niliifunika kwa kiganja, ikachomoza pande zote mbili.

Mama yako