Hita ya gesi ikikataa kuwaka: la kugusa mwenyewe na la kumwachia fundi

Juni ikiingia Nairobi, hita za gesi hutolewa stoo zikiwa na vumbi la miezi tisa, na hapo ndipo matatizo huanza. Mengi hayahitaji fundi. Mpaka wenyewe ni rahisi kukumbuka: kubadilisha mtungi, kukagua mpira wa gesi na kusafisha panapoonekana ni kazi yako. Palipofungwa kwa skrubu na gesi inapita ndani, weka bisibisi chini.

Ikiwa haiwaki kabisa, anza na mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa juu yake. Pima mtungi wote, kisha toa uzito huo, ujue gesi iliyobaki. Hita ya vibao vitatu (vile vinavyong'aa vikishika moto) ikiwaka yote hula takriban gramu 300 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 humalizika kwa saa 43 hivi. Ikiwa gesi ipo na mtungi umebadilishwa sasa hivi, mpira umejaa hewa. Bonyeza nobu na uishikilie hadi dakika moja ili hewa itoke, huku ukijaribu kuwasha. Cheche isipoonekana, washa kwa kiberiti kirefu, ikiwa kitabu cha hita yako kinaruhusu.

Tatizo linalowasumbua watu zaidi ni hili: moto mdogo wa kuwashia unawaka vizuri, lakini ukiachilia nobu unazimika. Mbele ya moto huo kuna kifimbo chembamba ambacho mafundi hukiita themokapo. Kikipata joto hutoa umeme kidogo sana, milivolti 20 hadi 30 hivi, nao ndio unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Moto ukizimika, kifimbo hupoa na vali hujifunga. Kwa hiyo shikilia nobu sekunde 20 kamili kabla ya kusema imeharibika. Wengi huachilia baada ya tano. Bado inazimika? Funga gesi, acha hita ipoe, kisha sugua ncha ya kifimbo taratibu kwa msasa laini uondoe masizi, na uangalie kama ncha imekaa ndani ya moto au imepinda pembeni. Ikishindikana hapo, themokapo imechoka. Si kipuri ghali, lakini acha fundi aibadilishe.

Kuna kuzimika kwa aina nyingine, na tafadhali usikuchanganye na huku. Hita inawaka saa nzima sebuleni, madirisha yamefungwa, halafu inajizima. Hita nyingi zina kihisio cha oksijeni: hewa ikipungua oksijeni, moto mdogo huinuka na kuhama kutoka kwenye themokapo, na gesi hukatika. Hapo hita haijaharibika. Inakulinda. Fungua dirisha, toka nje kidogo, na usikubali fundi yeyote anayependekeza kuifunga hiyo sehemu "isisumbue". Anayesema hivyo hafai kurudi nyumbani kwako.

Moto wa njano unaopaka masizi maana yake gesi haipati hewa ya kutosha. Mara nyingi ni vumbi au utando wa buibui kwenye tundu la hewa. Safisha kwa brashi laini au puliza kwa pampu ya baiskeli, hita ikiwa baridi. Usichokonoe tundu la gesi kwa sindano. Ukilipanua hata kidogo, gesi huzidi na moto huwa mbaya zaidi. Moto ukiendelea kuwa wa njano baada ya kusafisha, usiitumie hita, kwa sababu moto wa namna hiyo unaweza kutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata zaidi ya mmoja nyumbani, tokeni nje wote kwanza, kisha mtafute msaada wa daktari. Na chumba cha kulala hakiwekwi hita ya gesi, hata baridi iwe kali vipi.

Vibao vikififia wakati gesi bado ipo, mtungi umepoa kwa kutoa gesi haraka. Punguza hadi kibao kimoja au viwili. Kuumwagia maji moto au kuusogeza karibu na jiko ni hatari kubwa.

Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni ya vyombo kwenye regyuleta (kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi) na ncha zote mbili za mpira. Mapovu yakikua, gesi inavuja: funga mtungi, utoe nje. Mpira wenye nyufa ubadilishwe, hauzibwi kwa selotepu. Ukisikia harufu nyumba nzima, usiguse swichi yoyote, kuwasha wala kuzima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutanda sakafuni, kwa hiyo fungua milango, si madirisha ya juu pekee, toa watu, kisha upige 999 au 112 ukiwa mbali.

Mahali pa moto wa gesi palipojengwa ukutani, kama katika nyumba za mitaa ya Karen na Runda, ni pa fundi karibu kwa kila jambo. Bomba la moshi linaweza kuzibwa na kiota cha ndege, na kioo kikiwa na ufa, moto hauwashwi hata mara moja. Fundi akimaliza, mwombe apime maungio kwa povu mbele yako na auache moto uwake dakika 20 dirisha likiwa wazi kabla ya kumlipa.