Lizi ya fleti imebakiza miaka 80 na miezi 6: tuongeze sasa au tusubiri?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna fleti mashariki mwa London, tuliinunua mwaka jana kwa mkopo wa benki. Lizi, yaani mkataba unaotupa fleti kwa miaka maalumu kabla haijarudi kwa mwenye jengo, imebakiza miaka 80 na miezi 6. Kodi ya ardhi tunayomlipa mwenye jengo ni pauni 200 kwa mwaka na haipandi. Fleti kama yetu zenye lizi ndefu zinauzwa kwa pauni 300,000 hivi. Kampuni yenye jengo imetuandikia kwamba tukilipa pauni 6,500 itatufikishia lizi miaka 125, na kodi itabaki ileile mpaka muda wa sasa uishe. Jirani anasema tusitoe hata senti, sheria mpya inakuja. Tufanyeje?

JIBU: Dada yangu, msisubiri, na hiyo barua msiikubali kwanza. Mna miezi 6 tu, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote.

Wengi wetu tuliotoka Tanzania tumezoea hati ya miaka 99, kwa hiyo neno lizi halitutishi. Lakini hapa Uingereza mwenye ardhi, yaani mwenye jengo, mara nyingi ni mtu au kampuni inayotafuta faida, na kila mwaka unaopita unamsogezea yeye fleti yako. Lizi ikishakuwa fupi, fleti hushuka thamani. Ukiiongeza, thamani hurudi. Ongezeko hilo linaitwa thamani ya muungano. Kwa sheria ya mwaka 1993, miaka iliyobaki ikiwa zaidi ya 80, ongezeko lote ni lenu. Ikifika 80 au ikashuka hapo, nusu yake ni ya mwenye jengo.

Nimepiga hesabu ya kukadiria bei ya kuongeza lizi kwa sheria hiyo, kwa takwimu zenu. Mwenye jengo analipwa kwa kukosa kodi ya pauni 200: nikitumia riba ya asilimia 6, ni kama pauni 3,300. Analipwa pia kwa kungoja miaka 90 zaidi kabla fleti haijarudi kwake: kwa asilimia 5, kama pauni 5,800. Jumla inakaribia pauni 9,100. Sasa chukua fleti hiyohiyo mwaka mmoja baadaye, ikiwa na miaka 79 na nusu, na tuseme kwa lizi hiyo ina thamani ya pauni 280,000. Nusu ya ongezeko ikiingia, bei inaruka hadi karibu pauni 14,700. Mthamini atakayekagua fleti atapata namba zake, lakini mruko huo atauona pia.

Je, si bora basi zile 6,500? Angalieni mnachonunua. Mnaongezewa miaka 44 na nusu, na pauni 200 mtaendelea kuzilipa kwa miaka 80. Mkifuata njia ya sheria mnaongezewa miaka 90 juu ya iliyobaki, yaani 170 na nusu, na kodi ya ardhi inafutwa kabisa. Kodi peke yake ina thamani ya zile 3,300, kwa hiyo unafuu wa barua ile ni wa machoni tu. Tena mazungumzo ya barua hayasimamishi saa. Kampuni inaweza kuwazungusha miezi 7, kisha iwapandishie bei, na hamtakuwa na pa kulalamika.

Kinachosimamisha saa ni notisi ya kifungu cha 42 cha sheria hiyo ya 1993, yaani barua rasmi ya kudai nyongeza ya lizi. Siku mwenye jengo anapopewa, ndiyo siku ya kuthaminia, hata kama mabishano ya bei yataendelea mwaka mzima. Zamani mngelazimika kuimiliki fleti miaka 2 kwanza. Sharti hilo lilifutwa tarehe 31 Januari 2025. Mtafuteni mthamini wiki hii, halafu wakili aliyezoea kazi hizi hasa, maana notisi yenye kasoro inaweza kuwa batili. Itaje majina yenu wote wawili kama mlivyosajiliwa, na bei mnayopendekeza iwe ya kweli, si ya kubahatisha chini kabisa.

Mwenye jengo lazima apewe angalau miezi 2 ya kujibu. Akijibu na msipoelewana bei, mna miezi 6 tangu jibu lake kupeleka suala kwenye baraza linaloamua migogoro ya nyumba. Miezi hiyo ikipita kimya, notisi inakufa na mtakaa miezi 12 kabla ya kutoa nyingine. Asipojibu kabisa, mnakwenda mahakamani kuomba masharti mliyopendekeza ninyi. Wekeni akiba pia: mtalipa wakili na mthamini wenu, pamoja na gharama za upande wake zilizo za kiasi. Anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya bei mliyopendekeza, au pauni 250, ipi kubwa.

Jirani hajakosea kuhusu sheria. Ilipitishwa Mei 2024, na ndani yake imo nyongeza ya miaka 990 na kufutwa kwa thamani ya muungano. Ila ninapoandika, vipengele hivyo viwili bado havijaanza kutumika. Mimi nisingeweka rehani maelfu ya pauni kwa tarehe ambayo haijatangazwa, na fleti yenyewe bado ina deni la benki.